Mkole Upi? Kutofautisha Spishi za Grewia katika Pori la Mkiwa

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hupita Mkiwa, mahali ambapo barabara iendayo Itigi hujitenga na barabara kuu na kushika upande wa kusini-magharibi. Nchi hii ni kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu wa mwaka, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya kiangazi. Pembeni mwa barabara, nyuma ya mashamba ya mtama, uwele na alizeti, kuna pori la miti mifupi na vichaka ambalo wakati wa kiangazi huonekana kama kwamba limekufa. Mvua za kwanza zikisha kunyesha, vichaka hivyo hivyo huchipua na kutoa maua kwa muda wa siku chache.

Miongoni mwa vichaka hivyo imo mikole. Kila mtoto aliyepata kuchunga mbuzi huijua. Matunda yake ni madogo, nyama yake ni chache lakini tamu, na kokwa zake ni ngumu. Gome lake hutoa kamba, na matawi yake yaliyonyooka hufaa kwa fimbo, pinde na mishale. Mbuzi huyala majani yake hata wakati ambapo nyasi zimekwisha. Kwa hiyo mtu akiulizwa kama anaujua mkole, atajibu mara moja kwamba anaujua.

Lakini tukimwomba mtu huyo atuonyeshe mkole, kisha tukamwomba mwingine wa kijiji cha pili atuonyeshe wa kwake, huenda tukaonyeshwa mimea miwili isiyo sawa. Mmoja una maua ya manjano, mwingine una maua ya zambarau. Mmoja una tunda moja la mviringo, mwingine una tunda lenye vitufe vinne vilivyoshikana. Wote wawili wamesema kweli, kwa kuwa jina "mkole" katika Kiswahili halitaji spishi moja bali kundi zima la mimea iliyo ndugu, ambalo wanabotania huliita jenasi Grewia. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 200 duniani, katika Afrika, Asia na Australia, na Afrika Mashariki ina sehemu yake kubwa.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi wa shule ya sekondari namna ya kuitofautisha baadhi ya mikole inayopatikana katika nyanda kavu za Afrika Mashariki. Spishi sita zimechaguliwa. Msomaji asishangae iwapo atakosa mojawapo karibu na shule yake, au akikuta nyingine isiyotajwa hapa. Jambo kubwa ni njia ya kutofautisha. Aliyeishika njia hiyo ataweza kuitumia kwa migunga, kwa milama, au kwa kundi lolote la mimea ya porini.

Kwa nini tujisumbue?

Swali hili huulizwa darasani kila mwaka, nalo ni swali la haki. Ikiwa mbuzi anakula mikole yote na mtoto anakula matunda yote, kuna faida gani kuigawanya?

Tuchukue mfano wa chakula. Nchini Sudan, matunda ya mkole uitwao Grewia tenax hukaushwa, hulowekwa katika maji na kufanywa kinywaji ambacho huko hupewa hasa watu wenye upungufu wa damu, kwa sababu matunda hayo yana madini ya chuma. Nchini Nigeria, gome la Grewia mollis hutumiwa kuongeza uzito wa mchuzi, maana lina ute kama wa bamia. Huko India na Pakistani, Grewia asiatica hupandwa mashambani, na maji ya matunda yake huuzwa mijini wakati wa joto. Sasa mwanafunzi wa Singida akisoma mahali kwamba "tunda la mkole lina chuma kingi", swali lake la kwanza liwe: mkole upi? Kipimo kilichofanywa juu ya tunda la spishi moja hakitoi haki ya kusema juu ya tunda la spishi nyingine. Maabara inaweza kuwa na vyombo vya thamani kubwa, lakini ikiwa mfuko uliopelekwa humo umeandikwa jina lisilo lake, majibu yote yatakuwa ya mmea mwingine.

Mfano wa pili unahusu ugonjwa, nao unatoka katika historia ya nchi yetu. Katika miaka ya 1930 Idara ya Utafiti wa Mbung'o iliyokuwa Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, ilikuwa na mwanabotania aitwaye B.D. Burtt. Mtu aweza kuuliza, idara ya nzi ilikuwa na haja gani na mtaalamu wa mimea? Sababu ni kwamba kila aina ya mbung'o hupendelea uoto wa namna fulani. Kufyeka pori lote ili kumwondoa mbung'o ni kazi ya gharama kubwa na yenye kuharibu ardhi. Bali ukijua ni vichaka gani hasa vinavyompa nzi huyo kivuli na maficho, waweza kufyeka hivyo tu na kuacha vingine. Kwa ajili hiyo ilibidi kwanza vichaka vijulikane kimoja kimoja. Burtt alizunguka sehemu za kati za nchi akikusanya mimea. Yeye na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938, na maandishi yake makubwa juu ya jamii za uoto za Afrika Mashariki yalichapishwa baada ya kufa kwake, mwaka 1942. Jina lake limebaki katika mimea kadhaa ya sehemu hizi, ukiwamo mkole mmoja, Grewia burttii.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na Mkiwa. Ukiifuata barabara ya Itigi utalifikia pori la namna ya pekee, ambalo wanasayansi hulitaja kwa jina la mji huo. Ni pori la vichaka vilivyosongamana, vya kimo cha mita 3 hadi 5, karibu vyote visivyo na miiba, ambavyo hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Pori la namna hii limo katika sehemu chache tu: katikati ya Tanzania, na tena kusini mwa Ziwa Tanganyika huko Zambia. Sehemu kubwa yake imekwisha fyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Baadhi ya vichaka vyake havipatikani mahali pengine pengi. Ikiwa macho yetu yanaona "kichaka" tu, au "mkole" tu, basi spishi adimu yaweza kutoweka huku sisi tukidhani kuwa ingalipo, kwa kuwa ndugu yake wa kawaida bado amesimama kando ya njia.

Dalili za ukoo

Kabla ya kutofautisha mkole na mkole, yapasa kuhakikisha kwamba tulicho nacho ni mkole. Jenasi hii ilipewa jina na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753 kwa heshima ya Mwingereza Nehemiah Grew (1641–1712), mmoja wa watu wa kwanza kuchunguza muundo wa ndani wa mimea kwa hadubini. Dalili zake za ukoo ni hizi.

Majani hupangwa moja moja, kulia na kushoto kwa kupokezana juu ya tawi. Ukilitazama jani kwa upande wa chini utaona mishipa mikubwa mitatu inayoanzia pamoja kwenye kikonyo. Dalili hii peke yake haitoshi, kwa sababu mkunazi nao una mishipa mitatu ya namna hiyo. Lakini mkunazi una miiba, na mkole hauna. Ukilitazama jani au tawi changa kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10, utaona vinyweleo vya umbo la nyota, yaani vinyweleo kadhaa vilivyotoka mahali pamoja na kutawanyika kama miale. Gome nalo ni la nyuzi ngumu: ukijaribu kuvunja tawi bichi, mti utakatika lakini gome litabaki limeshika.

Ua lina sepali tano na petali tano. Hapa mwanafunzi hudanganyika mara nyingi. Katika maua mengi aliyoyazoea, sepali ni za kijani na petali ndizo zenye rangi. Katika mkole, sepali nazo zina rangi kwa upande wa ndani, tena kwa kawaida ni ndefu kuliko petali, hata mtu huhesabu petali kumi. Ili kuepuka kosa hilo, tazama nyuma ya ua: sepali zina vinyweleo vya kijivu au vya kijani kwa nje, nazo ndizo zilizokuwa zimelifunika ua lilipokuwa tumba. Kila petali ina tezi ya asali kwenye shina lake, na ndiyo maana nyuki huifuata mikole. Stameni ni nyingi, nazo pamoja na ovari zimeinuliwa juu ya kijiguzo kifupi kilichosimama katikati ya ua. Kijiguzo hicho ni alama nzuri sana ya jenasi hii.

Katika vitabu vya zamani mkole umewekwa katika familia ya Tiliaceae. Tangu mwaka 1998, kutokana na uchunguzi wa DNA, familia hiyo imeunganishwa na nyingine katika familia kubwa ya Malvaceae. Kwa hiyo leo mkole umo katika familia moja na pamba, bamia, mbuyu na mkakao. Mwanafunzi aliyewahi kushika ute wa bamia na ute wa gome la mkole hatashangaa sana.

Tofauti ipi ni ushahidi?

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Mtu akikusanya matawi kumi ya mikole na kuyapanga mezani, ataona tofauti nyingi: jani hili kubwa, lile dogo, hili lina vinyweleo vingi, lile vichache, tunda hili lina vitufe viwili, lile vinne. Je, kila tofauti ni spishi mpya?

Hapana. Mmea mmoja waweza kuwa na tofauti nyingi ndani yake. Majani yaliyo kivulini huwa mapana na membamba kwa unene, na yale ya juani huwa madogo na mazito. Kichaka kilichokatwa au kuliwa na mbuzi hutoa machipukizi yenye majani makubwa kupita kiasi, ambayo hayafanani na majani ya kawaida ya spishi hiyo. Vitufe vya tunda navyo hubadilika: ovari huweza kuwa na nafasi ya vitufe vinne, lakini ikiwa chavua haikufika ya kutosha, kimoja au viwili hukua na vingine hudumaa. Mtu akichuma tunda moja tu, ataandika habari za bahati ya tunda hilo, si habari za spishi.

Kanuni inayofaa kushikwa ni hii: tofauti moja peke yake haitoshi kuwa ushahidi, ushahidi ni tofauti kadhaa zinazofuatana. Tukikuta vichaka ishirini vyenye maua ya zambarau, na vyote vina umbo moja la jani na namna moja ya tunda. Kisha tukakuta vichaka ishirini vyenye maua ya manjano, na vyote vina jani la namna nyingine na tunda la namna nyingine. Na katikati yao hatukuti kichaka chenye kuchanganya hali hizo, basi tuna sababu ya kusema kuwa hizo ni spishi mbili. Bali tukikuta majani makubwa na madogo, na baina yake majani ya kila ukubwa, na maua na matunda ni yale yale, basi hiyo ni hali ya kubadilika ndani ya spishi moja.

Spishi sita

Majina ya Kilatini huwatisha wanafunzi, lakini mengi yana maana nyepesi, na katika mikole maana hizo hukumbusha dalili.

Grewia bicolor ina maana ya "yenye rangi mbili". Jani lake ni la kijani juu na jeupe kama fedha chini. Upepo ukivuma, kichaka chote huonekana kikimeta. Maua ni ya manjano, yenye harufu nzuri, nayo hutokea kwapani mwa majani. Tunda lina kitufe kimoja au viwili, na likiiva hugeuka kuwa jeusi la zambarau. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Singida, hula matunda ya mkole huu pamoja na ya mikole mingine, na kwa majira fulani ya mwaka matunda hayo ni sehemu kubwa ya chakula chao.

Grewia mollis, yaani "laini", ndiyo inayofanana mno na ya kwanza. Nayo ina maua ya manjano yatokayo kwapani mwa majani, na uso wa chini wa jani ni kijivu au mweupe. Lakini ukingo wa jani una meno yanayoonekana wazi, na gome la shina lililokomaa ni nene, la rangi nyeusi na lenye kukwaruza. Hupenda mbuga zenye miti na mvua ya kutosha kidogo, ambapo bicolor hustahimili vichaka vikavu zaidi. Spishi hizi mbili zilielezwa kwa mara ya kwanza na Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu katika mwaka mmoja, 1804, nazo zimewasumbua wakusanyaji tangu hapo. Kuzitofautisha kwahitaji tawi lenye majani, maua na matunda, pamoja na maelezo ya gome.

Grewia flavescens, "inayoelekea manjano", nayo ilielezwa na Jussieu mwaka 1804. Maua yake ni ya manjano, lakini mtu mwenye kuijua haoni haja ya kusubiri maua. Hushika tawi lililokomaa na kulizungusha baina ya vidole: tawi lina pembe nne, na mara nyingi lina mifereji baina ya pembe hizo. Majani yana vinyweleo vyenye kukwaruza, na uso wake wa chini ni wa kijani, si mweupe. Tunda kwa kawaida lina vitufe viwili hadi vinne.

Grewia similis, "inayofanana", ina jina la kuchekesha kidogo, maana katika orodha yetu ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua ikiwa na maua. Maua yake ni ya zambarau au ya waridi. Ni kichaka chenye matawi marefu yanayoegemea mimea mingine. Tunda mara nyingi lina vitufe vinne, nalo huiva kwa rangi ya machungwa na kuendelea kuwa jekundu.

Grewia villosa, "yenye manyoya", ina jani kubwa lililo karibu na duara, lenye umbo la moyo mahali linapokutana na kikonyo. Vinyweleo vyake ni virefu na huonekana wazi ukingoni mwa jani kama uzi wa hariri. Maua ni madogo, ya rangi iliyofifia baina ya manjano na kahawia, nayo yamesongamana. Yatazame yanapotokea: hayatoki kwapani mwa jani bali upande wa pili wa tawi, mkabala na jani. Tunda ni la mviringo, la rangi ya shaba iliyokolea, lina vinyweleo, na halina vitufe vilivyotengana.

Grewia tenax, "shupavu" au "inayoshikilia", ilielezwa kutokana na kazi ya Peter Forsskål, mtafiti aliyefariki huko Yemen mwaka 1763, na maandishi yake kuchapishwa mwaka 1775. Majani ni madogo, ya mviringo, yenye meno makubwa ukingoni na karibu hayana vinyweleo. Maua ni meupe, na kwa kawaida hutokea moja moja. Tunda ni la rangi ya machungwa hadi nyekundu, lenye kitufe kimoja hadi vinne. Huu ndio mkole wa kinywaji cha Sudan.

Ufunguo wa utambuzi

Maelezo kama hayo ni marefu kushikwa kichwani. Kwa hiyo wanabotania hutengeneza ufunguo, yaani mfululizo wa maswali ambayo kila moja lina majibu mawili tu. Msomaji huanza na namba 1, huchagua (a) au (b), kisha hufuata namba anayoelekezwa mpaka afikie jina.

1. (a) Maua meupe, kwa kawaida moja moja. Majani madogo ya mviringo: Grewia tenax.
(b) Maua ya rangi nyingine: nenda 2.

2. (a) Maua ya zambarau au waridi: Grewia similis.
(b) Maua ya manjano, au baina ya manjano na kahawia: nenda 3.

3. (a) Jani karibu duara, lenye umbo la moyo kwenye kikonyo. Maua yamesongamana mkabala na jani. Tunda lina vinyweleo: Grewia villosa.
(b) Jani refu kuliko upana wake. Maua hutoka kwapani mwa jani: nenda 4.

4. (a) Matawi yaliyokomaa yana pembe nne. Jani ni la kijani pande zote mbili: Grewia flavescens.
(b) Matawi yaliyokomaa ni ya mviringo. Jani ni jeupe au kijivu upande wa chini: nenda 5.

5. (a) Ukingo wa jani hauna meno au una meno madogo sana. Uso wa chini ni mweupe wa fedha: Grewia bicolor.
(b) Ukingo wa jani una meno dhahiri. Gome la shina ni nene na jeusi: Grewia mollis.

Ufunguo huu una mpaka wake, na mpaka huo lazima uheshimiwe. Unajua spishi sita tu. Ukiupa spishi ya saba, hautasema "siijui". Utakupeleka kwenye jina lisilo lake bila kusita. Kwa hiyo, ukisha kupata jina, rudi kwenye maelezo kamili ya spishi hiyo na ulinganishe dalili zote. Ikiwa dalili mbili au tatu hazikubali, usilazimishe. Huenda umekuta spishi nyingine, na hiyo ni habari njema kuliko jina la haraka. Orodha iliyo kamili imo katika kitabu cha uoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, Flora of Tropical East Africa, ambacho sehemu zake zilichapishwa kuanzia mwaka 1952 hadi 2012 na kueleza spishi zaidi ya 12,000. Sehemu yenye mikole ilitoka mwaka 2001. Humo Singida na Dodoma zimo katika kanda iliyopewa alama T5.

Kazi ya darasa

Kazi hii haihitaji maabara. Yahitaji lenzi ya mkono, rula, magazeti ya zamani, mbao mbili na mawe ya kukandamizia. Wakati ufaao ni mwanzo wa mvua kwa ajili ya maua, na kurudi tena kwenye vichaka vile vile miezi michache baadaye kwa ajili ya matunda.

Kila kundi la wanafunzi lichague vichaka kumi na kuvitia alama. Kwa kila kichaka wapime urefu na upana wa majani kumi yaliyokomaa, yasiyo ya machipukizi. Wahesabu vitufe vya matunda ishirini. Waandike rangi ya maua, mahali maua yanapotokea, na umbo la tawi. Kisha wapange takwimu hizo katika jedwali na kujiuliza: ni dalili zipi zinazofuatana? Mwanafunzi akifanya hivyo mara moja ataelewa maana ya spishi kuliko akikariri fasili yake mara mia.

Pamoja na takwimu, wakaushe vielelezo. Tawi la urefu wa sentimita 30 hivi, lenye majani na maua au matunda, hulazwa baina ya magazeti na kukandamizwa. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka tawi likauke. Kielelezo kisicho na maelezo ni kuni tu. Andika mahali kilipochumwa, tarehe, kimo cha mmea, aina ya udongo, hali ya gome, na hasa rangi ya maua, maana rangi hiyo hupotea kielelezo kikikauka. Hazina za mimea mikavu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya taifa iliyoko Arusha, zimejaa vielelezo vilivyokusanywa kwa njia hii hii.

Liko jambo moja zaidi la kuandika, nalo ni jina la mmea katika lugha ya mahali, pamoja na jina la lugha yenyewe. Kiswahili kinasema "mkole" kwa mikole mingi. Lakini wazee wa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo walioishi na vichaka hivi maisha yao yote huenda wakawa na jina la peke yake kwa kila mmoja, na sababu ya kuvitenga: huu hufaa kwa upinde, huu matunda yake huiva mapema, huu kamba yake hukatika. Jina kama hilo ni matokeo ya uchunguzi wa vizazi vingi. Mwanafunzi alete tawi mbele ya mzee, aulize kwa adabu jina lake na dalili zake, kisha alinganishe mgawanyo wa mzee na mgawanyo wa ufunguo. Pale inapokubaliana, kila mmoja umeutia nguvu mwingine. Pale inapopingana, pana jambo la kuchunguzwa, na ni afadhali kwenda tena porini kuliko kuamua mezani nani amekosea.

Mashamba yanaongezeka kando ya barabara ya Itigi, na mahitaji ya kuni na mkaa hayapungui. Uamuzi wa nini kikatwe na nini kiachwe hufanywa kila siku, na mara nyingi hufanywa na watu wa vijiji hivyo hivyo ambavyo wanafunzi wetu wanatoka. Shule yenye kabati moja la vielelezo vilivyoandikwa vizuri itakuwa na la kuwaambia watu hao. Itaweza kuwaonyesha mkole ulioko kila mahali, ambao kukatwa kwake hakuna hasara kubwa, na mkole ulioonekana mara moja tu katika miaka mitatu, ambao yafaa uachwe mpaka utoe mbegu.

Mwalimu aanze na darasa moja na vichaka kumi, mvua zitakapoanza.